Friji haitengenezi baridi: uzi kuhusu joto na namna linavyohama

Mleta uzi:

Ndugu wanajamvi, amani iwe kwenu.

Kazi yangu ni kutengeneza majokofu na viyoyozi hapa Tanga, na sentensi ninayoisikia kuliko zote mlangoni mwa karakana ni hii: "Fundi, friji yangu haitoi baridi." Ninaielewa, wala simsahihishi mteja ambaye samaki wake wameshaanza kunuka. Hapa jamvini, hata hivyo, kuna nafasi ya kulisema jambo lenyewe kwa utulivu. Hakuna jokofu lililowahi kutoa baridi. Jokofu hutoa joto: hulichukua ndani ya kabati, hulipitisha kwenye mabomba membamba, kisha hulimwaga nyuma, pale penye neti nyeusi ambayo ukiigusa wakati mashine inafanya kazi utaikuta ina moto. Baridi ni jina tunalolipa upungufu wa joto, kama giza lilivyo jina la upungufu wa mwanga, na hakuna bomba duniani linaloweza kubeba upungufu.

Naanza na maneno mawili ambayo huchanganywa hata na watu waliosoma, yaani joto na halijoto. Halijoto ndiyo inayosomwa kwenye kipimajoto, nayo hueleza chembe za kitu zinatikisika kwa nguvu kiasi gani kwa wastani. Joto ni nishati inayohama kutoka kitu kimoja kwenda kingine kwa sababu halijoto zao zinatofautiana. Chukua kikombe cha chai cha robo lita chenye nyuzijoto 80, na ndoo ya lita 20 ya maji ya kuoga yenye nyuzijoto 40, uviache vyote viwili vipoe mpaka nyuzijoto 30. Kwa kuwa kilo moja ya maji huhitaji takribani kilojouli 4.2 za nishati kwa kila nyuzi moja, kikombe kitakuwa kimetoa kilojouli 52 hivi, ilhali ndoo imetoa 840. Chai itakuunguza ulimi na ndoo haitamdhuru hata mtoto mchanga, lakini aliyebeba mzigo mkubwa wa joto ni ndoo.

Wazee wa sayansi nao walitatizika hapa kwa muda mrefu. Katika karne ya 18 wengi waliamini kwamba joto ni aina ya majimaji yasiyoonekana, yaliyoitwa kaloriki, ambayo hujificha ndani ya vitu na kutiririka kutoka kimoja hadi kingine. Benjamin Thompson, aliyejulikana pia kama Count Rumford, alisimamia utobozi wa mizinga mjini Munich, na mwaka 1798 alitoa maelezo ya jaribio ambalo mimi hulipenda kwa sababu ni jaribio la karakana: aliuzamisha mzinga ndani ya maji, akauzungusha kwa nguvu za farasi huku ukikerezwa na chuma butu, na baada ya saa mbili na nusu maji yakachemka bila moto wowote. Farasi walipoendelea kuzunguka, joto liliendelea kuja. Kitu kinachoweza kutolewa bila kikomo hakiwezi kuwa majimaji yaliyokuwa yamehifadhiwa ndani ya chuma, kwa hiyo Rumford akasema ni mwendo. Katika miaka ya 1840 James Joule alipima kwa makini ni kazi kiasi gani hugeuka kuwa joto kiasi gani, na ndiyo maana kipimo cha nishati kina jina lake.

Kanuni inayotawala safari yote ni moja: joto likiachwa lenyewe hutoka penye halijoto kubwa kwenda penye halijoto ndogo, na halirudi kinyume mpaka alipwe mtu. Rudolf Clausius aliiweka sawa mwaka 1850, na kwenye jokofu anayelipwa ni kompresa, ile pampu ya gesi iliyo nyuma chini, kwa umeme wako.

Njia za kuhama ni tatu, na vitabu vyetu vya shule vimezipa majina: mpitisho, msafara (wengine husema myuko) na mnururisho. Nitazieleza kwa vitu ninavyokutana navyo.

Mpitisho ni joto kupita kutoka chembe hadi chembe bila vitu vyenyewe kuhama. Amka alfajiri, weka mguu mmoja kwenye vigae na mwingine juu ya mkeka. Vigae vinaonekana vya baridi, mkeka hauna habari. Ukipima kwa kipimajoto, vyote viwili vimelala chumba kimoja usiku kucha na halijoto yake ni sawasawa. Tofauti ni kwamba kigae hulinyonya joto la unyayo wako upesi na kulisambaza, na mkeka, kwa ajili ya hewa iliyonaswa kati ya ukindu, hulizuia. Mguu haupimi halijoto ya sakafu. Unapima kasi ya joto linalouacha. Aluminiamu ya sufuria hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko ubao wa mwiko, na hewa iliyotulia hupitisha joto pungufu hata kuliko ubao. Kwa hiyo ukuta wa jokofu haujajazwa dawa yoyote ya baridi. Umejazwa povu gumu, na kazi kubwa ya povu hilo ni kuzinasa gesi kwenye vitundu vidogo ili zisitembee.

Msafara ni joto kubebwa na kitu chenyewe kinachohama, yaani hewa au kimiminika. Hewa iliyopata moto hutanuka, ikawa nyepesi, ikapanda, na nyingine ikaja mahali pake. Hapa nina kisa. Mwaka jana niliitwa kwenye nyumba moja ambayo seremala alikuwa amejenga kabati zuri sana la jikoni na kulipachika jokofu ndani yake, likabana kila upande kama kitabu kwenye rafu. Fundi aliyenitangulia alikuwa amebadilisha kompresa, na mpya nayo ikawa inajizima kila baada ya dakika chache. Nilipopenyeza mkono juu ya jokofu kufika nyuma, sikuweza kuuacha pale hata nusu dakika. Neti ilikuwa inamwaga joto kwenye hewa ambayo haikuwa na njia ya kupanda, hewa ikazidi kuwa moto, na kompresa ikawa inasukuma joto kwenda mahali palipokwisha kujaa. Tulilitoa jokofu kabatini, tukaliacha shubiri moja kutoka ukutani, na asubuhi yake mama mwenye nyumba alinipigia kuniambia maji yameganda. Sikubadilisha kifaa hata kimoja. Iliniuma kwamba familia ile ilikuwa imeshalipia kompresa ambayo haikuhitajika.

Mnururisho ni joto kusafiri kama mawimbi, bila kuhitaji hewa wala chuma cha kupitia. Jua hutufikia hivyo, na aliyekaa kando ya tanuri la mkaa huhisi uso ukiungua ingawa hewa baina yake na tanuri inapanda juu na wala haimjii. Nitairudia njia hii nikizungumzia mabati, maana ndiko inakotutesa.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji:

Shukrani kwa uzi, fundi. Ila mimi ni wa Lushoto, na mwezi wa saba ukiacha mlango wazi jioni unaisikia baridi ikiingia, tena miguuni. Iweje useme baridi haisafiri?

Mleta uzi:

Ndugu yangu wa Lushoto, unachokihisi ni cha kweli na sitakukatalia. Kinachoingia ni hewa. Hewa ya nje ina halijoto ndogo, kwa hiyo ni nzito kuliko ya ndani, na inapita chini mlangoni huku hewa ya moto ikitoka juu. Ndiyo maana umetaja miguu. Ikishafika, hewa hiyo hupokea joto kutoka kwenye miguu yako. Hewa imeingia, joto limekutoka. Ukitaka kuliona kwa macho, simamisha mshumaa kizingitini, kisha uinue hadi karibu na kizingiti cha juu: chini ndimi ya moto italala kuelekea ndani, na juu italala kuelekea nje.

Mchangiaji:

Swali la wengi: nikiacha mlango wa friji wazi, chumba kitapoa?

Mleta uzi:

Kitazidi kuwa moto. Tuseme jokofu linachota wati 200 za joto kutoka kwenye kabati na linakula wati 100 za umeme. Basi nyuma linamwaga wati 300. Mlango ukiwa wazi, 200 zinachotwa chumbani humo humo na 300 zinarudishwa humo humo, na wewe umejiongezea 100. Kiyoyozi kinafaulu kwa sababu sehemu yake inayomwaga joto imefungwa nje ya nyumba.

Swali hili linanipa nafasi ya kusema namna joto linavyochotwa, kwa kuwa hapo ndipo ulipo uzuri wa kazi hii na ndipo wateja wanapolaghaiwa.

Maji yanapochemka kwenye sufuria, moto unaendelea kuwaka lakini kipimajoto hakipandi tena. Kuipandisha kilo moja ya maji kutoka nyuzijoto 20 hadi 100 kunahitaji kilojouli 335 hivi. Kuigeuza kilo hiyo hiyo yote kuwa mvuke, pale pale kwenye 100, kunahitaji kilojouli 2,257, karibu mara saba. Joto hilo halionekani kwenye kipimajoto kwa sababu linatumika kuzitenganisha chembe za maji, si kuziongezea mwendo. Joseph Black wa Glasgow ndiye aliyelipima katika miaka ya 1760, naye akaliita joto fiche. Kimiminika chochote kinachogeuka mvuke lazima kilipe deni hili, na kisipopata moto kitalichukua joto kwa kilicho karibu nacho.

Gesi ya R134a, ambayo wengi wenu mnayo majumbani, huchemka kwenye nyuzijoto 26 chini ya sifuri katika mgandamizo wa kawaida wa hewa. Ndani ya evaporeta, yaani lile bamba au koili ya sehemu ya kugandisha, mgandamizo hushushwa ili gesi iliyo katika hali ya kimiminika ichemke. Inachemka ikiwa ndani ya friza! Joto la kuchemkia inalichukua kwenye samaki wako na maji yako. Mvuke huvutwa na kompresa, hugandamizwa mpaka halijoto yake ipande kuzidi ya chumba, kisha kwenye neti ya nyuma hurudi kuwa kimiminika na kulitema lile joto fiche lote. Halafu hupita kwenye kapilari, kile kijibomba chembamba kama waya, mgandamizo unashuka, na mzunguko unaanza upya.

Angalieni sasa: katika mzunguko huo gesi hailiwi. Haiungui kama ya jiko, haichakai kama oili ya pikipiki. Imefungwa ndani ya bomba, na ikiwa imepungua kuna tundu. Fundi anayekwambia "gesi imeisha" akakujazia nyingine bila kutafuta inapovujia, atarudi kwako baada ya wiki au miezi, nawe utalipa tena. Mwulize tundu liko wapi kabla hujatoa hela.

Mchangiaji:

Kwa hiyo mtungi wa bibi ni friji?

Mleta uzi:

Naam, na nimefurahi umeutaja. Udongo wa mtungi hupenyeza maji kidogo kidogo hadi ngozi ya nje, ile unayoikuta na unyevunyevu asubuhi, na maji hayo yanapogeuka mvuke hulichukua joto fiche kwenye mtungi. Kwa halijoto ya kawaida ya chumba, gramu 100 za maji zikivukizwa huchukua takribani kilojouli 243. Ikiwa joto hilo lote limetoka kwenye lita 10 zilizobaki ndani, maji hayo yatakuwa yameshuka karibu nyuzijoto 6. Kwa kuwa hewa ya chumba nayo hulirudisha joto muda wote, hupati zote sita. Lakini kinywaji cha mtungini kinashinda cha ndoo ya plastiki, kila mtu anajua.

Mtungi hufanya kazi vizuri zaidi Dodoma kuliko hapa Tanga. Hewa yetu ya pwani imeshajaa unyevu, kwa hiyo haina haraka ya kupokea mvuke mwingine. Jasho letu nalo hukwama kwa sababu hiyo hiyo: linatiririka shingoni badala ya kukauka, na jasho linalotiririka bila kukauka halijaupoza mwili karibu chochote. Nawasihi wenye mitungi msiipake rangi ya mafuta kwa ajili ya urembo. Mnaziba vitundu, na mtungi unabaki chombo cha kawaida.

Mchangiaji:

Nilisoma kwamba maji ya moto huganda kabla ya maji ya baridi, na kwamba aliyegundua ni Mtanzania. Ni kweli au ni hadithi?

Mleta uzi:

Mtu ni wa kweli na kisa ni cha kweli. Kuhusu kanuni yenyewe, bado wataalamu hawajakubaliana. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, huko huko Lushoto kwa ndugu yetu wa hapo juu, mwaka 1963. Walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na sukari, na kwa kuwa nafasi kwenye friza ilikuwa ikigombewa, aliuingiza mchanganyiko wake ungali moto. Ukaganda kabla ya ule wa mwenzake. Walimcheka alipouliza, lakini hakuliacha swali. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, Dkt. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alikwenda kuzungumza shuleni hapo, Mpemba akamwuliza tena mbele ya watu, na Osborne akaamua lijaribiwe maabara. Mwaka 1969 walichapisha makala pamoja.

Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden nchini Uingereza walirudia vipimo kwa uangalifu, nao hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hutangulia. Walionyesha kwamba hata kukiweka kipimajoto sentimita moja juu au chini ya pale kilipopaswa kuwa kunaweza kubadili jibu. Kwa uzoefu wa friza za zamani, naweza kusema kwamba chombo cha moto kilichowekwa juu ya barafu ya unga huiyeyusha na kukaa moja kwa moja kwenye chuma, ilhali cha baridi hubaki kimekalia hewa iliyonaswa kwenye barafu hiyo. Hiyo ni tofauti ya mpitisho, na katika friza ya shule inaweza kutosha. Namheshimu sana Mpemba kwa kuuliza mara ya pili.

Na kwa kuwa barafu ya unga imetajwa: ikizidi unene wa kidole kwenye evaporeta yako, zima jokofu na uiache iyeyuke yenyewe. Barafu hiyo ni blanketi. Inamzuia samaki kulitoa joto lake. Usiitoboe kwa kisu, maana matundu ya visu ndiyo chanzo cha kazi zangu nyingi za kuziba gesi.

Mchangiaji:

Naandika kutoka Mbeya. Maharage huku yanakula mkaa sana kuliko nilipokuwa Dar. Mke wangu anasema ni mkaa mbaya.

Mleta uzi:

Mkaa unaweza kuwa hauna kosa. Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, mgandamizo wa hewa ni mdogo, na maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100 za Dar es Salaam. Maharage yanapikwa na halijoto, hayapikwi na mapovu, na nyuzi hizo sita zilizopungua huyachelewesha sana. Kuchochea moto hakusaidii: maji yakishachemka, joto la mkaa wa ziada linaishia kuyageuza maji kuwa mvuke tu, na mmeshaona hapo juu mvuke unavyogharimu. Funika sufuria, punguza hewa ya jiko, acha yatokote taratibu. Mwenye uwezo anunue sufuria ya presha, ambayo huyafikisha maji karibu nyuzijoto 120. Asiye nayo aloweke maharage usiku, ayachemshe vizuri kwa dakika kumi kamili au zaidi kidogo, kisha aizike sufuria iliyofunikwa ndani ya kikapu kilichojazwa nguo kuukuu au pamba. Joto lililokwisha kulipiwa litaendelea kupika saa kadhaa, na akiyatoa huwa bado yana moto.

Mchangiaji:

Fundi, uliahidi kurudi kwenye mabati. Nyumba yangu saa nane mchana haikaliki, na feni inapuliza moto.

Mleta uzi:

Nilipanga chumba cha bati bila dari nilipokuwa kijana, kwa hiyo swali hili nalijua kwa mwili. Nilikuwa nalala sakafuni mchana nikiamini hewa ndiyo yenye moto. Kumbe lililonipiga lilikuwa bati lenyewe, kwa mnururisho.

Jua la mchana hapa kwetu humwaga karibu wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba, na bati kuukuu lenye kutu hupanda kwa urahisi hadi nyuzijoto 60. Kila kitu hunururisha joto kwa kadiri ya kipeo cha nne cha halijoto yake katika kipimo cha Kelvin, yaani nyuzijoto zetu za kawaida ukijumlisha 273. Josef Stefan aliligundua hilo mwaka 1879. Bati la nyuzijoto 60 lililochakaa linaweza kutoa hadi wati 700 kwa mita ya mraba kuelekea chini, na vitu vya chumbani vyenye nyuzijoto 30 hurudisha 480 hivi. Tofauti ni kama wati 220 kwa kila mita. Chumba cha mita tatu kwa tatu, basi, kina pasi mbili za umeme zinazowaka juu ya vichwa vyenu mchana wote. Feni haiwezi kuzuia hilo, kwa sababu mnururisho haupeperushwi na upepo. Feni inasaidia kukausha jasho tu.

Kinachosaidia, kwa mpangilio wa gharama: paka bati rangi nyeupe juu, ili sehemu kubwa ya jua irudishwe kabla haijawa joto. Weka dari, hata ya bodi nyepesi, na uache matundu chini ya upande mmoja wa paa na karibu na kilele, ili hewa ya moto iliyo kati ya bati na dari ipande na kutoka. Na kama utaongeza karatasi ya fedha ya aluminiamu, itandaze chini ya bati ukiacha nafasi ya vidole vitatu au vinne. Uso wake unaong'aa hunururisha sehemu ndogo sana ya kile ambacho uso wa kutu hunururisha, lakini faida hiyo ipo pale tu penye hewa mbele yake. Niliwahi kuona fundi akiibandika imegusana na bati kutoka mwanzo hadi mwisho, akafunika na dari iliyogusana nayo, na mwenye nyumba akashangaa kwamba fedha yake haijafanya kazi. Joto lilikuwa limepata njia ya mpitisho, likapita katikati ya karatasi kama vile haipo.